Panga meza yako kabla taa hazijazimwa

Sendofu ilikuwa imefika kwenye nasaha. Nyuma ya meza kuu, ukuta wa LED ulionyesha maua meupe yakitikisika taratibu, na jina la bibi harusi katikati. Mimi nilikuwa mwisho wa ukumbi, gizani, nikitafuta video ya utoto wake niitazame kimya kimya kabla ya kuirusha. Nikabofya. Mara ukuta mzima wa mita sita ukajaa vigae vya bafuni: tangazo la mteja wa wiki iliyopita ambalo sikuwa nimelifuta. Baba mzazi alikuwa katikati ya neno "uvumilivu". MC akageuka, akautazama ukuta, akasema kwenye maiki, "Fundi, mbona umeshawajengea na choo?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mzazi hakucheka, na mwenyekiti wa kamati alinifuata kule nyuma.

Usiku ule nilijitetea kwamba mkono uliteleza. Kesho yake nilifungua laptopu mchana kweupe, nikaitazama skrini kama mgeni, nikaona aibu. Programu ilikuwa vilevile kama nilivyoipakua: kila paneli wazi, vijipicha vya video vimebanwa juu vidogo kama stempu, na majina chini yake membamba kuliko ncha ya mshale wa mausi. Mtu anayefanya kazi hapo gizani, sikio moja kwa MC na jingine kwa DJ, lazima atakosea. Kilichobaki ni kujua saa.

Programu yenyewe ni Resolume Arena, inayotengenezwa Uholanzi. Ni aina ya programu zinazoitwa seva ya midia: inashika video, picha na michoro inayotembea, inavipanga tabaka juu ya tabaka, na kuvitoa kwenye skrini pale unapotaka. Nitaizungumzia hiyo kwa sababu ndiyo vidole vyangu vimeizoea. Ukitumia nyingine, menyu zitabadilika majina lakini giza la ukumbi ni lilelile.

Ushauri wangu wote unasimama hapa: uwe na mipangilio miwili ya skrini, mmoja wa nyumbani na mmoja wa ukumbini, na ule wa ukumbini uwe maskini kadiri utakavyoweza kuvumilia.

Tuanze na jinsi ya kuhamisha vitu. Sehemu ya juu ya Arena ina gridi ya klipu: mistari ya kulala ni leya, safu za kusimama ni makundi ya klipu zinazoweza kurushwa kwa pamoja. Chini kuna paneli. Ziko Output Monitor na Preview Monitor, halafu paneli za mipangilio za Composition, Layer na Clip, na upande mwingine kuna Files, Effects na Sources. Kila paneli ina kichupo chenye jina lake. Shika kichupo hicho kwa mausi, kiburute. Ukipita juu ya paneli nyingine, programu inakuonyesha kwa rangi mahali itakapotua. Ukiachia katikati, paneli mbili zinakaa mahali pamoja kama kurasa za daftari, unabadilisha kwa kubofya kichupo. Ukiachia pembeni, zinakaa ubavu kwa ubavu. Ukiiburuta nje kabisa, inakuwa dirisha linaloelea, na hapo unaweza kuisukumia kwenye monita ya pili. Mipaka kati ya paneli nayo inavutwa, kama pazia. Menyu ya View ndiyo inayoficha na kufichua paneli, na humohumo ndimo unamohifadhi mpangilio kwa jina. Yangu nimeiita "Nyumbani" na "Ukumbi".

Wengi hucheza na haya kwa dakika tano, wanavuruga, wanarudisha mpangilio wa awali na kuapa kutogusa tena. Ukivuruga, vuruga tu. Mpangilio wa awali haupotei. Ila usijifunzie hapo saa moja kabla ya wageni kuingia.

Mpangilio wa nyumbani sina mengi ya kuusemea. Hapo kila kitu kiwe wazi, kwa sababu unatafuta mafaili, unaweka efekti, unakata video, unajaribu. Ongeza kitu kimoja tu: washa kionyeshi cha FPS, idadi ya fremu kwa sekunde. Ikishuka wakati unarundika efekti, umeshajua kwamba laptopu yako itahema ukumbini, na bado una muda wa kupunguza.

Wa ukumbini ndio wenye kazi.

Anza kwa kuondoa. Files ifungwe. Effects ifungwe. Sources ifungwe. Hutatafuta efekti mpya wakati maharusi wanakata keki, na kama unafikiri utaitafuta, basi ifunge mara mbili. Paneli ya Composition nayo mara nyingi haina kazi usiku. Ina mambo ya kazi nzima, na ukiigusa kimakosa unagusa kila kitu kwa pamoja. Nafasi inayopatikana ipe gridi ya klipu. Vijipicha vinakua, na utepe wa jina chini ya kijipicha unakuwa na unene wa kubofyeka.

Utepe huo ndio ulionitoa jasho siku ya vigae. Katika Arena, ukibofya picha ya klipu, inaruka moja kwa moja kwenye ukuta. Ukibofya jina lililo chini ya picha, klipu inachaguliwa tu: mipangilio yake inafunguka na unaiona kwenye Preview Monitor, wageni hawaoni kitu. Ni milimita chache kati ya kutazama na kurusha. Mtu akiniuliza apange kitu gani kwanza, jibu ni hilo: ukubwa wa gridi kwanza, mengine baadaye. Nina mwenzangu anayefanya mazoezi ya kubofya majina tu, kama mtoto anayejifunza kuandika juu ya mstari. Nilimcheka zamani.

Kisha monita mbili, Preview na Output. Kwa chaguo la kawaida zinaweza kukaa kwenye sehemu moja kama vichupo, moja ikiificha nyingine. Zitenganishe, zikae bega kwa bega, Preview kushoto na Output kulia, na usizibadilishe nafasi maisha yako yote. Jicho linazoea upande kuliko linavyosoma maandishi. Baada ya harusi tatu nne hutasoma tena jina la paneli. Utajua kwamba kushoto ni "bado" na kulia ni "imeshatoka".

Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu huuingia. Output Monitor inakuonyesha picha iliyochanganywa, kabla haijakatwa na kupelekwa ukutani. Ukataji wenyewe unafanyika kwenye dirisha la Advanced Output, ambako unaamua kipande kipi cha picha kiende kwenye skrini ipi na kikae wapi. Kipande kikizimwa humo au kikihama, monita yako itaendelea kukuonyesha picha safi huku ukuta ukiwa mweusi. Kwa hiyo kaa mahali unapouona ukuta kwa macho yako. Ukipewa meza nyuma ya nguzo, kataa kwa heshima. Mwambie mwenye ukumbi, "Mzee, hapa sioni kazi yangu," na watu wengi watakusogezea meza.

Umbo la monita nalo linategemea namba ulizoweka kwenye mipangilio ya Composition. Chukua ukuta wa mita 6 kwa 3 uliojengwa kwa vibao vya sentimita 50 kwa 50 vya aina ya P3.9. Kila kibao kina pikseli 128 kwa 128. Vibao 12 kwa upana na 6 kwa urefu, jumla 72, vinatoa pikseli 1536 kwa 768. Weka namba hizo badala ya kuacha 1920 kwa 1080 iliyozoeleka, na Output Monitor itakuwa na umbo la ukuta wenyewe: upana mara mbili ya urefu. Utaacha kushangaa kwa nini kichwa cha bwana harusi kimekatwa ukutani wakati kwenye laptopu kiko salama. Muulize fundi wa LED idadi ya vibao siku moja kabla. Usimuulize mita, atakujibu kwa makadirio.

Sasa gridi yenyewe. Programu haijui ratiba ya sherehe; wewe ndiye unayeijua. Safu za gridi zinaweza kupewa majina, basi zipe majina ya ratiba: Wageni, Maharusi waingia, Utambulisho, Keki, Ndafu, Nasaha, Zawadi, Muziki. Nane. Sikuzichagua kwa bahati. Kidhibiti cha Akai APC40 mkII, ambacho wengi wanacho au wanakiazima, kina vitufe vya klipu 8 kwa upana na 5 kwa urefu, na Arena inakitambua kwa mpangilio uliokuja nao. Ukijenga gridi ya safu 8 na leya 5, kila kitufe mkononi kinalingana na kisanduku kwenye skrini, na huhitaji kutafsiri kichwani. Ukiwa na safu kumi na nne, utaanza kusogeza gridi kushoto na kulia, na hapo ndipo kitufe cha tatu kinaporusha kitu cha kumi na moja.

Shughuli ikizidi safu nane, ongeza dawati jipya, yaani ukurasa mwingine wa gridi; majina yake yanakaa kama vichupo. Mimi nina dawati la shughuli na dawati la muziki wa usiku, ambamo mna michoro ya kuchezea tu.

Leya ziende kwa mantiki ya kutandika kitanda. Ya chini kabisa ni mandhari: maua, rangi, chembe za dhahabu zinazoelea. Juu yake video. Juu yake kamera, kama mpiga picha anakupa mkondo. Leya ya juu ni majina na nembo. Kwenye hiyo ya juu, tafuta chaguo la Ignore Column Trigger uliwashe. Maana yake ni kwamba ukirusha safu nzima ya Keki kwa kubofya kichwa chake, jina la maharusi halitaondoka. Bila chaguo hilo, kila ukirusha safu ambayo leya yake ya juu ina kitu kingine, jina linapinduliwa, na utakuwa unalirudisha usiku kucha.

Wekea kila leya muda wa kubadilika, nusu sekunde hadi sekunde moja. Wengine huona ni pambo. Mimi naona ni adabu: picha mbaya ikiingia taratibu na kutoka taratibu, nusu ya wageni wanadhani ilikuwa sehemu ya shughuli.

Rangi zitumie kwa ubahili. Klipu, leya na safu zinaweza kupakwa rangi, na mtu akigundua hivyo kwa mara ya kwanza anageuza gridi kuwa kanga. Nimebaki na mbili. Nyekundu ni klipu zenye sauti, kwa sababu hizo sizirushi kabla DJ hajashusha muziki wake. Kijani ni zile ninazoweza kuzirusha wakati wowote bila kumuuliza mtu; nikichanganyikiwa, mkono unakimbilia kijani.

Kuna herufi tatu ndogo kwenye kila leya za kuziogopa. X inaondoa klipu inayocheza, B inaizima leya, S inaiacha leya hiyo peke yake na kunyamazisha nyingine. Zimekaa karibu mno. Wakati wa shughuli usizifuate kwa mausi. Kama unazihitaji, zipe vitufe kwenye kibodi au kidhibiti, mbali na vitufe vya klipu.

Dashibodi wengi huisahau. Ina visu nane vya kuzungusha, na kila kimoja unaweza kukiunganisha na kipimo chochote: mwanga wa mandhari, kasi ya video, ukubwa wa jina. Badala ya kufungua efekti tano ukumbini ili kupunguza mwanga kidogo, unakuwa na kisu kimoja. Kwangu mimi kisu cha kwanza daima ni mwanga wa leya ya chini, kwa sababu mpiga picha atakuja tu, kila sherehe, kuniambia ukuta unamuunguzia sura za watu.

Nilisema Files ifungwe. Najua unachowaza: saa tatu usiku mjomba wa bwana harusi atatokea na flashi. "Kijana, weka hii, ni ya familia." Na huwezi kumwambia mjomba kwamba paneli imefungwa. Kwa ajili yake nimeacha safu moja tupu mwisho wa dawati la muziki, nimeiita "Mjomba". Akifika, nabadilisha mpangilio kwenda "Nyumbani", naweka faili kwenye safu hiyo, naitazama yote kwenye Preview, halafu narudi "Ukumbi". Inachukua dakika mbili, na wakati huo kwenye ukuta kunabaki mandhari ya kijani, si kitu kinachokaribia kuisha. Video ya mjomba kwa kawaida ni ya simu, imesimama wima. Kwenye ukuta mpana itakuwa kama mlango katikati ya uwanja, basi iache juu ya mandhari badala ya kuivuta ijae na kuwanenepesha watu. Na kama ni faili zito la MP4, litaitesa prosesa, maana DXV, muundo wa Resolume wenyewe, unategemea kadi ya picha na ni mwepesi zaidi kuucheza. Programu yao ya bure iitwayo Alley inabadilisha mafaili kwenda muundo huo. Kazi hiyo ifanye nyumbani kwa video zote unazozijua. Ya mjomba icheze ilivyo, uombe.

Kabla ya yote hayo, kompyuta yenyewe. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo yake pamoja na P, uchague Extend, ili ukuta uwe skrini ya pili na usiwe kioo cha laptopu yako. Zima arifa zote. Ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi hauhitaji hata kuonekana na DJ aliyekaa pembeni, seuze ukumbi. Punguza mwanga wa laptopu, kwa sababu uso unaong'aa kwa buluu nyuma ya ukumbi unavuta macho ya watu. Na shika njia moja ya mkato kichwani: Ctrl, Shift na D kwa pamoja, au Cmd badala ya Ctrl kwenye Mac. Ikitokea picha ya ukutani imefunika skrini ya laptopu yako na huoni hata menyu, vitufe hivyo vinazima utoaji wa picha na kukurudishia programu. Nimewaona watu wakichomoa waya wa umeme kwa kutoijua.

Usichukulie kwamba mpangilio wa paneli utasafiri ndani ya faili la kazi. Faili lenye klipu na leya utalibeba kwenye diski, ukilifungua kwenye kompyuta ya kukodi klipu zitakuja, lakini paneli utazikuta zimekaa kama alivyoziacha aliyetumia kabla yako. Fika mapema, upange upya. Nimepiga picha ya skrini yangu kwa simu, naifungua pembeni na kufuata. Dakika nne zinatosha.

Kwa wanaotumia programu nyingine, neno fupi. QLab, ya Mac peke yake na inayopendwa kwenye tamthilia, ina hali mbili zilizotenganishwa waziwazi, ya kuhariri na ya maonyesho. Ukiingia ya maonyesho, huwezi kuharibu orodha kwa bahati mbaya. Ndiyo fikra ileile ya mipangilio miwili, imejengwa ndani. OBS Studio, ya bure, ambayo wengi wanaorushia ibada mubashara wanaijua, ina menyu ya Docks: panga vidirisha unavyotaka, kisha bofya Lock Docks visihame tena. Washa na Studio Mode, kwa sababu bila hiyo kila tukio unalolibofya linakwenda hewani papo hapo. Nimeona mahubiri yakikatizwa na picha ya kamera iliyoelekezwa sakafuni. Ni vigae vyangu vilevile, ila pale havikuwa vya kuuzwa.

Usinakili mpangilio wangu neno kwa neno. Mimi natumia mkono wa kulia, laptopu ya inchi 15, na kazi zangu nyingi ni harusi. Wa matamasha atahitaji efekti karibu, na wa mikutano atahitaji leya ya slaidi kuliko mandhari. Fanya hivi: katika shughuli yako ijayo, weka karatasi pembeni, na kila unapotafuta kitu kwa zaidi ya pumzi moja, andika jina lake. Mwisho wa usiku, vilivyoandikwa vivute karibu. Ambavyo hukuvigusa kabisa, vifiche.

Toleo la majaribio la Arena linapatikana kwenye tovuti yao; linabandika nembo juu ya picha, lakini paneli zote zinahama. Lipakue katikati ya wiki, siku ambayo hakuna sherehe, zima taa ya sebuleni, na umwombe mdogo wako akae pembeni akutajie ratiba ovyoovyo: keki, zawadi, nasaha, keki tena. Kama utaipata kila moja bila kuinamia skrini, mpangilio wako uko tayari kwa Jumamosi.